Kutoka kibuyu hadi kopo la plastiki: kikombe cha msafiri kati ya Kabambare na Kasongo

Jamaa inayokimbia vita katika eneo la Kabambare na kuelekea Kasongo hubeba kwanza watoto, kisha sufuria, nguo na bidoni. Kikombe hukumbukwa mwisho, au husahaulika kabisa. Lakini watu wa miguu wamepita njia hiyo kwa zaidi ya miaka 150, na kila kizazi kilikutana na swali lile lile: mtu anayetembea siku nyingi na mzigo kichwani anywe maji kwa chombo gani?

Jibu la kwanza lilikuwa kibuyu. Mtungi wa udongo hupoza maji vizuri, lakini ni mzito na huvunjika ukianguka. Mahali pake ni nyumbani. Kibuyu hulimwa, hutolewa mbegu, na kikishakauka ni chepesi sana. Chenye shingo ndefu kilikuwa chupa ya njiani. Kilichopasuliwa kilikuwa kata ya kuchotea na kunywea. Kilitoka shambani, si dukani.

Wakati wa misafara ya pembe za ndovu, wepesi huo ulikuwa jambo kubwa. Katika miaka ya 1870 Kasongo iligeuka makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, na Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya kwenda Ujiji na pwani. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, ndiyo kilo 30 na zaidi, mbali na vitu vyake mwenyewe. Watumwa nao walibebeshwa mizigo bila kuulizwa. Kwa watu waliochoka hivyo, chombo kizito hakifiki mbali: hutupwa njiani, na aliyekitupa hunywa kwa kiganja au huazima cha mwenzake.

Hapo ndipo hatari ilipoingia. Mwaka 1869 na 1870 kolera iliua watu wengi sana Zanzibar, nayo ikafuata misafara hadi huku Maniema. David Livingstone, Mskoti aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile, alikaa Kabambare tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, miguu ikiwa na vidonda. Katika daftari lake aliandika juu ya maradhi ya namna ya kolera yaliyoua watu kambini. Wakati huo wengi walidhani hewa mbaya ndiyo inayoleta ugonjwa huo. Daktari John Snow alikuwa amekwisha kuonyesha mjini London, mwaka 1854, kwamba kolera hupitia katika maji, lakini hata madaktari wengi walikuwa hawajamwamini. Kata moja iliyopita mikono mingi na kurudi katika chungu cha maji haikuogopwa na mtu.

Majeshi ya Dhanis yaliteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, na Kabambare ilitekwa Januari 1894. Utawala wa Waarabu ukaisha, lakini mizigo ya kichwani haikuisha. Katika vita vya kwanza vya dunia, wapagazi zaidi ya 200,000 wa Kongo walitumikishwa, wengi wao katika safari ya kuteka Tabora, mji ulioanguka Septemba 1916.

Katika enzi ya ukoloni, maduka yalileta kopo la bati lililopakwa rangi ngumu ya kung'aa. Jina kopo lenyewe lilitoka katika lugha ya Wareno. Kopo hilo lilikuwa zito kuliko kibuyu, lakini lilistahimili kuanguka, na liliweza kuchemshwa juu ya moto. Tena mdomo wake ni mpana, mkono unaingia kulisafisha. Kibuyu cha shingo husuguliwa ndani kwa mchanga na vijiwe, wala mtu haoni kama kimetakata. Ubaya wa bati ni kwamba rangi ikibanduka, kutu huanza.

Leo plastiki imeshinda. Kikombe cha plastiki cha nusu lita hakifiki gramu 100, na bei yake ni ndogo. Hakivumilii moto, na kikiisha kukwaruzwa uchafu hujificha ndani ya mikwaruzo. Lakini mama mwenye mtoto mgongoni na bidoni ya lita 20, ambayo ikijaa ni kilo 20, hana sababu ya kukitupa.

Historia hii inafundisha jambo moja. Wepesi wa kikombe ni ulinzi wa afya, kwa sababu kikombe kinachofika mwisho wa safari ndicho kinachomwepusha mtu na kikombe cha kuazima. Jamaa iliyo njiani, au iliyopokelewa na wenyeji wa Kasongo, yafaa ichague kikombe chepesi, chenye mdomo mpana na mkono wa kukishikia, ili vidole visiguse maji. Kila mtu awe na chake, na mgonjwa wa kuhara asichangie na wengine. Maji yamiminwe kutoka bidoni. Kikombe kisichovywe ndani. Na kopo lililowahi kuwekwa dawa ya shamba au mafuta ya gari lisinywewe kamwe, hata likioshwa mara kumi.