Datsun 240Z: gari lililoshinda Safari, na ralanti iliyosumbua mafundi

Kunako mwezi wa kumi mwaka wa 1969, kampuni ya Nissan ilionyesha huko Japani gari jipya la spoti. Nyumbani liliitwa Fairlady Z. Katika inchi za kigeni liliitwa Datsun 240Z. Lilikuwa na milango miwili, pua ndefu, na moteri ya silinda sita zilizopangwa msitari mmoja, yenye ukubwa wa lita 2.4. Marekani liliuzwa kwa dola 3,526, bei iliyo chini sana ya magari ya spoti ya Ulaya ya wakati ule.

Afrika Mashariki ililifahamu gari hilo mapema. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, matope na mawe. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda wakiwa ndani ya 240Z. Nafasi ya pili ilichukuliwa na 240Z nyingine, iliyoendeshwa na Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Kampala.

Mwezi wa nane mwaka wa 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wafukuzwe Uganda, akawapa siku 90. Jamaa ya Mehta ilikuwa kati ya waliopoteza makao, na yeye akahamia Kenya. Kwenye Pasaka ya mwaka wa 1973 alirudi barabarani na 240Z. Alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, ambaye pia aliendesha Datsun, na waamuzi wakampa Mehta ushindi kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata pointi ya adhabu. Baadaye alishinda Safari mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Lakini mwaka ule ule wa 1973, gari lililosifiwa kwa ugumu wake lilianza kuleta malalamiko katika miji ya Marekani. Halikuvunjika. Lilizimika tu. Dereva alisimama kwenye taa za barabara siku ya joto, moteri ikatetemeka na kufa. Wengine waliona ralanti, yaani mzunguko wa moteri wakati mguu haukanyagi mafuta, ikipanda na kushuka yenyewe bila kutulia.

Chanzo kilikuwa namna moteri ilivyopewa hewa na esansi. Magari ya kwanza yalikuwa na kabureta mbili za aina ya SU, zilizotengenezwa na Hitachi. Kabureta hizo ni rahisi kuelewa: pistoni moja inapanda kadiri moteri inavyovuta hewa, na sindano iliyofungwa chini yake inaachilia esansi kwa kiasi kinachofaa. Kazi kubwa ya fundi ni kuzilinganisha zote mbili. Moja ikivuta zaidi ya mwenzake, ralanti inayumba. Mafundi wa zamani hawakuhitaji mashine kwa kazi hiyo. Walichukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, wakasikiliza mvumo. Wakaikaza au kuilegeza skurubu mpaka milio miwili ifanane.

Kisha sheria ya Marekani ya mwaka wa 1970 juu ya hewa safi ikawalazimisha watengenezaji kupunguza moshi. Kwa magari ya mwaka wa 1973, Nissan ilileta kabureta nyingine zenye kifuniko bapa, zilizo na vifaa vingi zaidi vya kupunguza moshi. Zilipata joto sana. Esansi ilichemka ikageuka mvuke kabla ya kuingia ndani ya silinda, na moteri haiwezi kuwaka vema kwa mvuke inaposubiri maji ya esansi. Wenye magari wengi waliamua kuzitoa na kurudisha kabureta za miaka ya 1970 hadi 1972.

Mwaka wa 1975 Nissan ilichukua njia nyingine kwa soko la Marekani. Gari likaitwa 280Z, moteri ikawa ya lita 2.8, na kabureta zikaondolewa. Mahali pake pakaingia injeksheni iliyobuniwa na Bosch wa Ujerumani. Hewa yote inayoelekea kwenye moteri inapita kwanza katika kisanduku chenye mlango mdogo. Hewa inausukuma mlango, kompyuta inasoma umefunguka kiasi gani, kisha inatoa esansi kwa kipimo hicho. Hewa inayoingia baada ya mlango huo, kompyuta haiioni.

Hapo ndipo ugonjwa wa ralanti ulipopata sura mpya. Mpira wa breki ukipasuka, gasketi ikichoka, au kifuniko cha oili kikilegea, moteri inavuta hewa ya wizi. Esansi inakuwa chache kuliko hewa. Mzunguko unashuka, mchanganyiko unabadilika, mzunguko unapanda, kisha unashuka tena. Mara nyingine moteri inazimika kabisa. Mafundi wengi walilaumu kompyuta, wakanunua nyingine kwa bei kubwa, na gari likaendelea kuzimika kwa sababu ya kipande cha mpira.

Waliozoea magari hayo walijifunza jaribio rahisi. Moteri ikiwa katika ralanti, fundi anafungua kifuniko cha oili. Moteri iliyo nzima inapaswa kuyumba mara moja, hata kuzimika, kwa maana hewa ya wizi imeingia ghafla. Ikiwa haibadiliki, basi kuna tundu lingine mahali fulani. Hapo anakagua mpira mmoja baada ya mwingine, akinyunyiza maji kidogo kwenye viungo na kusikiliza kama mlio unabadilika. Kunyunyiza esansi juu ya moteri yenye moto, kama wengine wanavyofanya, kumechoma magari na watu.

Baada ya hewa, wanatazama nyaya. Kifaa kinachopima joto la maji kikipata kutu kwenye kiunganishi chake, kompyuta inaweza kudhani moteri ni baridi kama usiku wa theluji. Inamwaga esansi nyingi, moshi mweusi unatoka, buji zinalowa, na gari linazimika. Kusugua kiunganishi kunaweza kumaliza shida iliyokuwa karibu kugharimu kifaa kizima.

Historia hiyo inagusa barabara za Kivu pia, hata kama 240Z si gari la huku. Kabureta iliyorekebishwa Uvira, kando ya ziwa, inakutana na hewa nyepesi zaidi ikipanda Ngomo kuelekea Bukavu, mji ulio kwenye mita karibu 1,500. Hewa inapungua, esansi inabaki ile ile, na ralanti inakuwa nzito. Na taksi nyingi za esansi zenye injeksheni zinafuata sheria ile ile ya 280Z: hewa isiyopimwa inaharibu hesabu.

Kati ya familia zilizohama makwao kwa sababu ya vita, wamo mafundi walioacha garaji na sanduku zima la vyombo nyuma. Vyombo vya kuanzia kazi hii ni vichache: kipande cha mpira, chupa ya maji, bisibisi na sikio. Fundi anayeanza na hewa, akafuatisha nyaya, na kufikiria kununua mwisho kabisa, anamlindia mwenye taksi pesa ya chakula cha nyumbani. Mwenye taksi huyo atarudi kwake, na atamwelekeza na mwenzake.

Gari la 240Z lililoshinda Safari mwaka wa 1971 linahifadhiwa Japani, katika mkusanyo wa Nissan huko Zama. Mehta alifariki London mwaka wa 2006.