Maji Moto ya Kiabukwa: Sura Iliyosahauliwa katika Historia ya Elimu na Umeme Katanga

Mji wa Kamina, ambao ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami tangu mwaka 2015, hutajwa katika vitabu vya historia kwa mambo mawili: reli na kituo cha kijeshi. Reli ya kampuni ya BCK, iliyounganisha Bukama na bandari ya Ilebo katika mto Kasai, ilikamilika mwaka 1928 na kuufanya mji huo njia panda. Tawi la kwenda Kabalo lilifuata mwaka 1956. Base ya Kamina nayo ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili. Liko, hata hivyo, jambo la tatu ambalo aghalabu hupitwa kimya. Mashariki ya uwanda wa Kamina, ardhi inaposhuka katika bonde la Upemba lenye maziwa ya Upemba na Kisale, hububujika chemchemi za maji moto, na mojawapo, ya Kiabukwa, iliwahi kuzalisha umeme wakati ambapo nchi nyingi zilizoendelea hazijafikiria kufanya hivyo.

Mtambo wa Kiabukwa ulianzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya kampuni ya madini. Maji yalitoka yakiwa na joto la nyuzi 91 za Selsiasi, kiasi cha lita 40 kwa sekunde, nayo yaliendesha mtambo wa kilowati zipatazo 200. Kwa hesabu za leo hicho ni kiasi kidogo mno. Lakini tarehe ndiyo inayostahili kuzingatiwa. Waitalia walikuwa wamewasha taa chache kwa mvuke wa ardhini huko Larderello mwaka 1904. New Zealand, inayosifiwa sana katika fani hii, ilifungua kituo chake cha Wairakei mwaka 1958. Na Marekani ilianza rasmi huko The Geysers mwaka 1960. Kiabukwa iliwatangulia hao wawili wa mwisho, na katika bara la Afrika haikuwa na mtangulizi.

Zaidi ya hayo, kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Larderello hutoka mvuke wenye nguvu; Kiabukwa hutoka maji ambayo hayajafikia hata kiwango cha kuchemka. Vitabu kadhaa vya fani ya jotoardhi huuhesabu mtambo huo miongoni mwa mitambo ya mwanzo ya aina ya mizunguko miwili, yaani ile ambayo joto la maji hupokezwa kimiminika kingine kinachochemka upesi, kisha mvuke wa kimiminika hicho ndio unaozungusha mashine. Njia hiyo ilikuja kuenea duniani miongo kadhaa baadaye.

Kwa nini basi jina la Kiabukwa halijulikani hata Kamina kwenyewe? Jibu linapatikana katika namna elimu ya kisayansi ilivyoingia katika nchi hiyo. Iliingia kwa mahitaji ya watu wa mbali, na matunda yake yakasafiri pamoja nao.

Hifadhi ya Upemba ni mfano mzuri. Iliundwa mwaka 1939, na kati ya mwaka 1946 na 1949 msafara wa Gaston-François de Witte uliichunguza kwa makini usio wa kawaida, ukakusanya wanyama, samaki, wadudu na mimea. Makusanyo yalipelekwa Ubelgiji, na maelezo yake yakachapishwa huko, kijitabu baada ya kijitabu, kwa Kifaransa. Mwaka 2005 mtaalamu mmoja alipochunguza mafuvu na ngozi zilizokuwa zimetunzwa katika majumba ya makumbusho kwa zaidi ya nusu karne, alitangaza kwamba swala wa mabwawa ya Upemba ni spishi ya peke yake, akaipa jina la Kobus anselli. Wavuvi na wawindaji wa Kiluba walikuwa wakimfahamu mnyama huyo siku zote. Kwa sayansi alikuwa mgeni aliyelala ndani ya saraka.

Mambo ya kale yalipata bahati njema kidogo. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalichimbuliwa na Jacques Nenquin mwaka 1957 na Jean Hiernaux mwaka 1958, na Pierre de Maret akaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Vyungu na mapambo ya shaba yaliyozikwa humo yalithibitisha kwamba jamii zenye mafundi hodari ziliishi bondeni tangu karne ya 8 hivi, kabla ya dola ya Waluba kujulikana. Hiernaux alitoka katika Chuo Kikuu cha Elisabethville, kilichofunguliwa mwaka 1956. Kwa mara ya kwanza utafiti wa bonde hilo ulikuwa na makao ndani ya Katanga yenyewe, ingawa kwa miaka ile ya mwanzo milango ya chuo hicho ilipitwa na Wakongo wachache tu.

Base nayo ilikuwa shule ya aina yake. Marubani wa Ubelgiji walifunzwa hapo katika miaka ya 1950, na makomando wa miavuli vilevile. Baada ya uhuru wa Juni 1960 kituo kilishikwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa, na Novemba 1964 ndege zilizobeba askari wa Kibelgiji kwenda Stanleyville zilipitia hapo. Kila mwenye kuitumia Base aliitumia kwa shughuli za kwingine.

Umeme ulifuata mkondo huohuo. Mtambo wa Kiabukwa ulisimama zamani, na hadi leo Kongo haina kituo kingine cha jotoardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilishwa mstari wa umeme wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, ili kuhudumia migodi ya shaba. Nyaya zilipita juu ya vijiji vingi vilivyobaki gizani. Mtu anaweza kubisha kwamba kilowati 200 zisingewaokoa. Ni kweli; lakini mtambo mdogo ulio karibu hufundisha watu kazi, jambo ambalo waya upitao angani hauwezi.

Hapo ndipo mfano wa Kenya unapohusika. Kituo cha Olkaria, karibu na Naivasha, kilianza mwaka 1981 kwa megawati 15, takriban miaka 30 baada ya Kiabukwa. Wakati huohuo Wakenya walikuwa wakipelekwa Iceland, ambako Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianzisha mafunzo ya jotoardhi mwaka 1979, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizopeleka wanafunzi wengi zaidi. Hao walirudi, wakafundisha wengine, na Olkaria ikapanuka mara nyingi.

Wanafunzi wa lugha nao wana sehemu yao. Kiswahili hakikuletwa Kamina na reli peke yake: Cameron alipofika kwa mfalme Kasongo Kalombo mwaka 1874 alimkuta mfanyabiashara Juma Merikani amekwisha kupiga kambi. Katika Kiswahili cha Katanga maji ni mayi, na kwa Kiswahili hicho André Yav aliandika mwaka 1965 historia ya Elisabethville kama ilivyokumbukwa na watumishi wa nyumbani, kitabu ambacho Johannes Fabian alikihariri na kukichapisha mwaka 1990. Kamina sasa ina chuo kikuu chake. Watoto wa waliofanya kazi Kiabukwa, kama walikuwa wadogo mwaka 1952, wamefika umri wa kuwa mababu, na lugha ya kuwahoji ni hiyo hiyo ya Yav.