Nani Aliyehesabu Mabao? Kandanda na Kipimo cha Ukubwa wa Mchezaji katika Ukanda wa Shaba

Mji wa Kolwezi uliasisiwa mwaka 1937 na kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, na kampuni hiyo ilikuwa na sifa moja ambayo hata walioichukia hawakuikana: ilihesabu. Tani za shaba zilizotoka ardhini, siku alizofanya kazi kila mchimbaji na posho ya unga iliyopewa familia yake kambini ziliandikwa zote katika madaftari. Serikali ilipoitaifisha kampuni mwaka 1967, na hatimaye ikazaliwa Gécamines, desturi hiyo iliendelea, hata ikawa mtafiti wa leo anaweza kufuata kupanda na kushuka kwa uzalishaji wa machimbo ya Mashamba, Dikuluwe au Kamoto kwa miaka mingi. Lakini jambo lililokuwa katika vinywa vya watu wa kambi hizo kila Jumapili jioni halikupata daftari la namna hiyo. Mabao yalifungwa, yakashangiliwa, yakasimuliwa, kisha yakaachiwa kumbukumbu za watu.

Suala hili si dogo kama linavyoweza kuonekana. Katanga ilitoa baadhi ya wachezaji bora kabisa wa bara la Afrika katika miaka ya 1960 na 1970. Kuwaita bora ni kutoa hukumu, na hukumu huhitaji mizani. Makala haya yanadai kwamba mizani iliyotumika kuwapima haikuwa mikononi mwa wale waliowatazama, na kwamba mizani hiyo ilipotosha mambo zaidi ya mara moja.

Kandanda ya Waafrika katika miji ya shaba ilikua chini ya uangalizi wa pande mbili, misheni na mwajiri. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imeamua kuwa na wafanyakazi wa kudumu, wenye wake na watoto, badala ya vibarua wa miezi michache. Vijana waliozaliwa kambini walihitaji shule, kanisa na mchezo. Mwaka 1939 mapadri Wabenedikto wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, walianzisha timu ya Saint-Georges, na mwaka huohuo ikaanza timu ya Saint-Éloi, ambayo baadaye iliongeza jina la Lupopo na kuwa kipenzi cha watu wa reli. Ushindani wa timu hizi mbili umedumu hadi leo, na kwa mashabiki wengi wa Lubumbashi mchezaji ambaye hajawahi kung'ara katika pambano lao hahesabiwi kuwa mkubwa hata angefunga mabao mia kwingineko.

Saint-Georges iliitwa baadaye Saint-Paul, kisha Englebert, jina la kampuni ya matairi ya Kibelgiji, ikaongezewa sifa ya “Tout Puissant”, yaani Mwenyezi, na hatimaye ikawa Mazembe. Hapa ndipo balaa la kwanza la mwanatakwimu linapoanza. Élisabethville ilikuwa Lubumbashi mwaka 1966, na Jadotville ikawa Likasi. Nchi ilikuwa Zaire mwaka 1971, ikarudi kuwa Kongo mwaka 1997. Katanga iliitwa Shaba kwa robo karne, ikarudia jina lake, kisha mwaka 2015 ikagawanywa, na Kolwezi ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Katikati ya hayo, mwaka 1972, siasa ya Mobutu ya kurudia uasili iliwavua raia majina ya ubatizo. Mshambuliaji Pierre Kalala, aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 dhidi ya Ghana mjini Addis Ababa, akawa Kalala Mukendi. Anayetaka kujumlisha mabao ya mtu huyu mmoja hana budi kumtafuta chini ya majina mawili, katika klabu yenye majina mawili, katika nchi iliyobadilishiwa jina mara mbili.

Wakati Kalala akiwa na nguvu zake, Englebert ilicheza fainali nne mfululizo za Kombe la Klabu Bingwa Afrika, kuanzia mwaka 1967 hadi 1970. Ilishinda mbili za kwanza. Ile ya 1967 ilipatikana baada ya sare mbili na Asante Kotoko ya Ghana, ambayo haikutokea katika mechi ya tatu. Mambo hayo yanajulikana kwa sababu yalikuwa ya kimataifa, na shirikisho la Afrika likayaandika. Ligi za miji, vikombe vya kambi na mechi za kirafiki kati ya Kolwezi na Likasi ni habari nyingine kabisa.

Jirani wa kusini alipatwa na jambo linalofanana na hili. Mwezi Desemba 2012 Lionel Messi alipopita mabao 85 aliyofunga Gerd Müller mwaka 1972, chama cha kandanda cha Zambia kilitangaza kwamba rekodi hiyo haikuwa ya Müller tangu mwanzo. Mwaka uleule wa 1972 Godfrey Chitalu wa Kabwe Warriors, mzaliwa wa mji wa migodi wa Luanshya, alikuwa amefunga mabao 107. Ushahidi ulitafutwa katika magazeti ya zamani ya Zambia. FIFA ilijibu kwamba haihifadhi takwimu za mashindano isiyoyasimamia, na kwa hiyo haiwezi kuthibitisha. Jibu hilo ni sahihi kisheria. Hata hivyo linazua swali, kwani ligi ya Ujerumani nayo haikusimamiwa na FIFA, na mabao ya Müller hayakuhitaji cheti chake ili yaaminiwe. Chitalu mwenyewe hakuwapo kujitetea. Alikuwa kocha wa timu ya taifa iliyoangamia katika ajali ya ndege karibu na Libreville mwezi Aprili 1993.

Upande wa Marekani, ambako besiboli huabudu takwimu kuliko mchezo mwingine wowote, jambo kama hilo lilimalizika kwa njia tofauti. Kwa miongo mingi wachezaji weusi walizuiwa kuingia katika ligi kuu, wakacheza katika ligi zao. Josh Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuvunja kizuizi hicho, na vitabu rasmi havikumtambua. Watafiti waliyapekua magazeti ya Wamarekani weusi, mechi baada ya mechi, hadi Mei 2024 ligi kuu ilipokubali kuziingiza hesabu hizo katika rekodi zake. Wastani wa Gibson wa kupiga mpira, 0.372, ukampita Ty Cobb mwenye 0.367, aliyekuwa ameshika nafasi ya kwanza kwa muda mrefu mno. Gibson hakuwa amepiga mpira wowote tangu 1946. Aliinuliwa na magazeti yaliyoandikwa na watu wake na kuhifadhiwa.

Je, Kolwezi ina magazeti hayo? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kuanzia mwaka 1957 kampuni ilichapisha gazeti la wafanyakazi lililoitwa Mwana Shaba, jina zuri la Kiswahili, ingawa Kifaransa kilishika nafasi kubwa ndani yake. Humo zimo habari za kazi, za familia na za michezo ya kambini. Lakini Mwana Shaba lilikuwa sauti ya mwajiri. Liliandika mchezo kama sehemu ya maisha mema ya mfanyakazi mtiifu, na mchezaji aliyesifiwa humo alisifiwa pia kwa kuwa mfano wa nidhamu. Anayelisoma leo kutafuta mabao atayapata baadhi. Hasira ya mashabiki hataiona. Bado ni chanzo ambacho wanahistoria wa Kiswahili wamekitumia kidogo mno, wakati Kiswahili cha Katanga kimekwisha kuthibitisha uwezo wake wa kubeba historia: inatosha kutaja maandishi ya André Yav juu ya mji wa Élisabethville, ya mwaka 1965, yaliyohaririwa na Johannes Fabian na kuchapishwa mwaka 1990.

Mashabiki walikuwa na mizani yao, nayo ni lakabu. Mfano bora ni wa mchezaji ambaye hakuwa wa Katanga, Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Kananga na mshambuliaji wa Vita Club ya Kinshasa. Aliitwa Mutumbula. Msomaji wa pwani atauelewa uzito wa jina hili akikumbuka mumiani. Katika miji ya shaba na maeneo jirani, mutumbula alikuwa mtu wa kutisha aliyesemekana kuwanyakua Waafrika usiku kwa niaba ya Wazungu, na uvumi juu yake ulienea sana katika zama za ukoloni. Kumpa mshambuliaji jina hilo ni kusema kwamba mlinda mlango akimwona hulala macho wazi. Hakuna jedwali linaloweza kusema hivyo. Na bado jedwali nalo lilimtendea haki, angalau mwanzoni: katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1974 nchini Misri alifunga mabao 9, na hakuna aliyeyafikia katika mashindano mamoja hadi leo. Fainali ilizikutanisha nchi mbili za shaba, Zaire na Zambia. Ilikwisha kwa sare ya 2–2, ikarudiwa, Zaire ikashinda 2–0, na mabao yote manne ya Zaire yalikuwa ya Ndaye.

Mizani ya tatu ilikuwa Paris. Tangu mwaka 1970 jarida la France Football lilimteua mchezaji bora wa Afrika kwa kura za waandishi wa habari, na kwa mwaka 1973 likamchagua Bwanga Tshimen wa Mazembe. Uteuzi huo unastahili kutazamwa kwa makini kwa kuwa Bwanga alikuwa beki wa kati. Mtu ambaye kazi yake ni kuzuia hana mabao ya kuonyesha. Kura, pamoja na kasoro zake zote, zilikiona kile ambacho hesabu isingekiona. Inafaa kukiri hapa kwamba hukumu ya wageni haikuwa mbaya kila mara.

Ilikuwa mbaya miezi michache baadaye. Katika Kombe la Dunia nchini Ujerumani Magharibi, Zaire ilifungwa 2–0 na Scotland, kisha tarehe 18 Juni 1974 ikafungwa 9–0 na Yugoslavia. Tarehe 22 Juni, dhidi ya Brazil, ilifungwa 3–0. Katika mechi hiyo Brazil ilipewa mpira wa adhabu, na kabla haujapigwa beki Mwepu Ilunga wa Mazembe alichomoka ukutani akaupiga mbali. Mwamuzi alimwonyesha kadi ya njano. Watangazaji walicheka, wakaeleza kwamba Waafrika hawa hawazijui kanuni. Filamu ya sekunde hizo imeonyeshwa kwa miaka hamsini. Mwepu, bingwa wa Afrika wa mwaka uleule, aliwaambia waandishi wa habari baadaye kwamba alizijua kanuni na alifanya makusudi: wachezaji hawakulipwa fedha zao, na alisimulia pia kwamba baada ya kipigo cha Yugoslavia walitishiwa kuwa wasingerudi salama wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu. Maelezo yake hayakuwa yaleyale kila mara. Lakini alifariki Mei 2015 akiwa amepimwa na dunia kwa teke moja.

Ndaye naye alipimwa vibaya na waliokuwa na kumbukumbu zake. Alijeruhiwa kwa risasi mwaka 1994, akaishia Afrika Kusini. Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa lililofanyika Burkina Faso, alikumbukwa kwa dakika moja ya kimya, kwa habari kwamba alikufa katika mgodi wa almasi Angola. Alikuwa hai, maskini, mjini Cape Town. Shirikisho lililohifadhi mabao yake 9 halikujua mfungaji yuko wapi. Alifariki Johannesburg mwezi Januari 2019.

Wakati huo kumbukumbu za Kolwezi zilikuwa zimekwisha kutawanyika. Sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka mwaka 1990, na kufikia mwaka 1993 uzalishaji wa Gécamines, uliozidi tani 400,000 katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Kampuni isiyoweza kulipa mishahara haikuweza kutunza viwanja wala timu. Kati ya mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wakingoja treni kwa majuma vituoni. Waliondoka walimu, makarani na mafundi, watu ambao aghalabu ndio waliojua kusoma na kuandika matokeo. Ni jambo la uchungu kwamba majina kama Kalala na Kazadi, yaliyoimbwa na mashabiki wa Katanga miaka ishirini kabla, yalikuwa sasa yanatosha kumfanya mtu ashukiwe.

Kizazi cha baadaye hakina tatizo hilo. Mtanzania Mbwana Samatta, aliyeichezea Mazembe kuanzia 2011 hadi 2016, alifunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2015, na Januari 2016 mjini Abuja akatangazwa mchezaji bora miongoni mwa wanaocheza barani Afrika, akimtangulia mlinda mlango wa klabu yake, Robert Kidiaba. Kila bao lake lina picha, dakika na tarehe. Kidiaba anakumbukwa zaidi kwa kurukaruka akiwa ameketi uwanjani kila timu yake ilipofunga, na hilo pia limo katika picha.

Ya Ndaye na Mwepu yalibaki kama yalivyoandikwa. Katika mechi ya Yugoslavia, kwa maelezo ya wachezaji wenyewe, aliyempiga teke mwamuzi Omar Delgado wa Colombia alikuwa Mwepu. Mwamuzi alikosea mtu, akamtoa Ndaye, naye akatoka uwanjani mnamo dakika ya 22 akijitetea bure. Katika orodha za Kombe la Dunia la 1974, kadi nyekundu ya siku ile ingali imeandikwa kwa jina lake.