Mkato, Nukta na Majina ya Viungo: Historia Fupi ya Namba Iliyoandikwa

Katika mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwalimu alinipa jedwali la idadi ya wanafunzi nilisome mbele ya darasa. Kitabu kilichapishwa Dar es Salaam. Nilipofika penye 1,250 nikasoma "moja na robo". Darasa zima likacheka. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Shuleni kwetu, ambako hesabu tulifundishwa kwa Kifaransa, mkato ndio unaotenganisha namba nzima na desimali. Elfu moja mia mbili na hamsini tuliiandika 1.250, au tuliacha nafasi baada ya moja. Mwenzangu wa Mwanza akaniambia, "Kaka, hao ni watu, si kilo za sukari." Nilicheka nami, lakini swali lilibaki. Sisi wawili tunasema Kiswahili kimoja na tunahesabu kwa maneno yale yale. Iweje alama moja impe yeye elfu na inipe mimi robo?

Katika insha hii ninalifuata swali hilo kuanzia karne ya 16 hadi kwenye maktaba za programu, yaani mikusanyo ya msimbo uliokwisha kuandikwa, ambayo watunga programu huitumia badala ya kuanza kila kitu upya. Hoja yangu ni kwamba namba iliyoandikwa ni kama sentensi: ina viungo, na kila kiungo kina kazi yake. Anayetupa majina ya viungo na kubaki na alama tupu hana budi kubahatisha.

Mwaka 1585 Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alichapisha kijitabu kiitwacho De Thiende kuhusu hesabu za desimali. Hakutumia mkato wala nukta. Kwa kila tarakimu aliweka duara dogo lenye namba ndani yake: 0 kwa namba nzima, 1 kwa sehemu za kumi, 2 kwa sehemu za mia, na kuendelea. Uandishi huo ulichosha mkono, lakini haukumwacha msomaji na shaka, kwa kuwa kila tarakimu ilibeba jina la kazi yake. Waliomfuata, akiwemo John Napier wa Uskoti, walitosheka na alama moja tu. Mwandiko ukawa mwepesi, majina yakapotea.

Alama yenyewe haikukubaliwa na wote. Leibniz alipendelea nukta iwe ishara ya kuzidisha, na katika sehemu kubwa ya bara la Ulaya mkato ndio ulioshika kazi ya desimali. Waingereza wakabaki na nukta. Tofauti hiyo ikaja kwetu pamoja na shule na vitabu vya hesabu: Kongo, Rwanda na Burundi kwa njia ya Wabelgiji, Kenya, Uganda na Tanganyika kwa njia ya Waingereza. Mpaka wa ukoloni ukawa pia mpaka wa mkato. Mwaka 1948 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliruhusu alama zote mbili kwa desimali, ukashauri makundi ya tarakimu tatu yatenganishwe kwa nafasi tupu. Mwaka 2003 ukarudia msimamo huo. Hata hivyo, mazoea ya watu hayakubadilika.

Kompyuta zilipoanza kuuzwa dunia nzima, mzozo huu ukawaangukia watunga programu. Toleo la Java la mwaka 1997 lilikuja na msimbo wa kuandika namba kwa desturi ya kila nchi, msimbo uliotokana na kazi ya kampuni ya Taligent. Mwaka 1999 IBM ilifungulia umma maktaba ya ukoo huohuo, ambayo leo inaitwa ICU. Utaratibu wake wa msingi ni rahisi: unaipa maktaba namba, unaitajia lugha na nchi, nayo inakurudishia mfuatano wa herufi ulio tayari kusomwa. Kwa Tanzania unapata 1,250.50, kwa Kongo unapata 1.250,50.

Msomaji anaridhika, lakini programu yenyewe imebaki gizani. Tuseme mtunga programu anataka senti ziandikwe kwa herufi ndogo kwenye bei. Anaamuru: tafuta nukta, punguza kila kinachofuata. Dar es Salaam amri hiyo inapunguza 50, sawasawa. Bukavu inapunguza 250,50, na mteja anaona moja kubwa inayofuatwa na vitu vidogo. Mashine imefanya kosa nililofanya mimi darasani: imeiona alama, haikujua kazi yake.

Dawa ilikuja polepole. Java ya mwanzo ilikuwa na chombo cha kuuliza kiungo kimoja kimoja: namba nzima inaanzia wapi na inaishia wapi? Toleo la mwaka 2002 liliwezesha kupata viungo vyote kwa pamoja. Mwaka 2018 kiwango cha JavaScript kilipokea amri ya formatToParts kwa namba, na mwaka 2019 ICU ikaleta umbo jipya la matokeo: maandishi hayaji tena peke yake, yanakuja pamoja na mipaka na majina ya viungo vyake.

Hapa kuna jambo litakalomvutia mwanafunzi wa isimu. Maktaba hizi mbili hazichanganui namba kwa njia moja. Kwa JavaScript, 1,250 ni orodha ya vipande vitatu: namba nzima "1", kitenganishi, kisha namba nzima tena "250", kama tunavyopanga mofimu za kitenzi moja baada ya nyingine. Kwa ICU, namba nzima ni "1,250" yote, na kitenganishi kimo ndani yake, kama kirai kilichomo ndani ya kirai kingine. Njia ya kwanza ni nyepesi kuonyesha kwenye skrini. Naona ya pili iko karibu zaidi na ukweli, maana mtu anaposema "elfu moja mia mbili na hamsini" anataja namba moja, si mbili.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha kwa nini majina hayo ni ya lazima. Tunatanguliza neno la daraja: elfu 5, milioni 5. Kwa hiyo, katika hazina ya data iitwayo CLDR, ambayo ICU huitegemea, hasi ya elfu tano kwa ufupi huandikwa "elfu -5". Anayedhani alama ya kutoa hukaa mwanzoni daima ataikosa. Sarufi yetu imeiweka katikati, na ni jina la kiungo tu linaloweza kumwonyesha ilipo.

Hazina hiyohiyo ina kisa kinachonigusa zaidi. Kwa muda, data ya Kiswahili cha Kongo iliwekwa chini ya msimbo swc, kana kwamba ni lugha nyingine. Baadaye ilihamishiwa sw-CD, yaani Kiswahili kama kinavyotumika Kongo. Mkato wetu haukufutwa katika uhamisho huo. Ulibaki kuwa thamani tofauti ya kiungo kilekile kinachoitwa kitenganishi cha desimali: Tanzania nukta, Kongo mkato.

Kwa kuhitimisha, historia hii inarudi ilipoanzia. Stevin aliipa kila tarakimu jina, waliomfuata wakayaacha majina kwa ajili ya wepesi, na baada ya karne nne maktaba za programu zimelazimika kuyarudisha. Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili ng'ambo hii na ile ya Ziwa Tanganyika, faida yake si ya mashine peke yake. Viungo vikiwa na majina, lugha moja inaweza kuwa na alama mbili bila kupasuliwa kuwa lugha mbili. Siku ile darasani hakuna aliyekosea hesabu. Jedwali halikusema tu mkato wake ulikuwa na kazi gani, nami sikuuliza.