Viunga vya Kisumu na Miembe Inayouzwa Pamoja na Ardhi

Kwa asili, kiunga ni shamba la miti ya matunda pembezoni mwa mji. Miji yetu ya pwani ilipopanuka, nyumba ziliingia mashambani, miti ikaondoka na jina likabaki. Leo tukisema viunga vya mji twakusudia mitaa ya nje tu. Jambo hilohilo linatokea Kisumu hivi sasa, na linatuhusu, kwa sababu miti ya kule ina udugu na yetu.

Majina ya matunda

Mwembe asili yake ni Bara Hindi, na huku kwetu ulifika kwa njia ya bahari. Kwenda bara kulikuwa na njia mbili: misafara ya Waswahili iliyopiga kambi kwa Nabongo Mumia, kisha reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence. Ushahidi umo katika lugha. Mjaluo husema maembe na mapera, kama sisi. Zambarau huiita jamna, jina lenye asili ya Kihindi, na Wahindi wamelima Kibos, karibu na mji, tangu zama za reli. Lakini mkwaju, ambao ni mti wa huko tangu jadi, una jina lake la Kijaluo: chwaa.

Miti ya nyumbani

Usitarajie mashamba makubwa. Bustani ya matunda kando ya ziwa mara nyingi ni miti mitano au kumi ndani ya boma, ambalo Wajaluo huliita dala. Chini ya mwembe hukaa wageni, hufanywa vikao vya ukoo, na siku ya msiba ndipo waombolezaji hupata kivuli. Msimu ukifika, kina mama huuza maembe kwa ndoo kando ya barabara. Wengine humwuzia mchuuzi mti mzima matunda yakiwa bado machanga. Bei huwa ya chini, lakini karo ya shule haingoji embe liive.

Upande wa Mbita na Homa Bay ni mkavu kuliko Kisumu, na hilo humfaa mkulima, maana mvua ikinyesha wakati wa maua huleta ukungu na maua hupukutika. Adui mwingine ni nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, yenye kituo Mbita, imefanya kazi kubwa ya kutafuta njia za kumdhibiti. La kwanza ni rahisi: okota maembe yaliyoanguka na uyafukie chini sana, au uyafunge katika mfuko usiopitisha hewa, yasizalishe nzi wengine.

Hesabu kabla ya kuuza

Ukipanda kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, ekari moja huchukua miembe 40 hivi. Mche wa kupandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Wa kokwa huchukua karibu mara mbili ya hapo. Mwembe mkubwa, basi, ni kazi ya babu inayoliwa na mjukuu.

Lakini Mamboleo, Riat na Kajulu, ardhi inakatwa viwanja. Mara nyingi mnunuzi hulipia udongo, na mti hauhesabiwi. Mwisho wake ni mkaa, au kuni za kuchomea matofali.

Pwani, mila ilitenganisha mti na ardhi: mtu aliweza kumiliki mnazi katika ardhi ya mwenzake, na akaurithisha. Mila hiyo imezaa kesi nyingi, ni kweli, lakini ilitufunza kwamba mti ni mali. Basi anayeuza kiwanja, Kisumu au Kisauni, ahesabu miti yake kwanza, aitie bei na aiandikishe katika mkataba. Na anayenunua aache japo mmoja mpakani. Kivuli chake hakijengwi kwa saruji.