Mdahalo wa Shule za Dunia
Mfumo wa mashindano ya midahalo kwa wanafunzi wa sekondari, uliotokana na mashindano yaliyoanza Australia mwaka 1988. Kila upande, wa kutetea hoja na wa kuipinga, huwa na wasemaji watatu, dakika 8 kila mmoja. Kisha huja hotuba fupi za majumuisho za dakika 4, wapinzani wakitangulia. Katika dakika ya kwanza na ya mwisho ya hotuba kuu, msemaji hakatizwi kwa maswali. Jaji huipa kila hotuba kuu hadi alama 100: maudhui 40, mtindo 40, mkakati 20. Hotuba ya wastani hupata 70, na nyingine hazisogei mbali na hapo, hivyo hata alama moja ina uzito. Kinachomsumbua zaidi jaji mwanagenzi ni kujizuia asimkamilishie msemaji hoja aliyoiacha njiani.