Keria ya kukodi, na mfereji wa mvua uliopotea

Nimekuwa kimya kwa muda kwa sababu nilikuwa nimeenda nyumbani Bungoma na jamii kwa Krismasi, na safari yenyewe ndiyo imenipa habari ya leo. Siyo habari ya programu, lakini vumilieni, tutafika kwenye draiva kabla hatujaachana.

Gari letu lina viti saba. Tukiwa sita, yaani mimi, mama watoto, mama mkwe na watoto watatu, inabidi kuinua safu ya nyuma, na ukiinua safu ya nyuma buti linabaki la kuweka mkate na gazeti. Nikaona heri nikodi lile sanduku refu la plastiki linalokaa juu ya paa. Jamaa wa kukodisha alileta sanduku zuri, pamoja na vyuma viwili vya kulibebea ambavyo miguu yake ilitengenezewa gari jingine kabisa. "Hii inaingia gari lolote, boss," akaniambia, akamalizia kazi kwa kamba za nailoni. Karibu na mizani ya Gilgil nilifunga breki nyuma ya lori, na kitu kikaburuzika juu ya vichwa vyetu. Sanduku lilikuwa limesonga mbele shibiri nzima. Mama mkwe hakusema neno. Alishuka, akatazama juu, akaomba mfuko wake wa dawa utolewe huko, akaupakata hadi Bungoma.

Hayo maneno "inaingia gari lolote" yalinikaa kichwani. Kwa sababu kuna wakati yalikuwa kweli.

Kubeba mizigo juu ya paa ni jambo la zamani kuliko gari lenyewe. Magari ya farasi ya abiria yalikuwa na ukingo mdogo juu wa kuzuia mizigo isianguke, na chini au nyuma yalikuwa na kisanduku ambacho Waingereza walikiita kwa jina ambalo sisi leo tunalitamka buti. Kule Marekani, gari maarufu la namna hiyo lilianza kutengenezwa mwaka 1827 mjini Concord, jimbo la New Hampshire, na mizigo ilipangwa juu na nyuma. Masanduku ya wasafiri wa wakati huo yalikuwa na vifuniko vya mviringo ili maji ya mvua yateremke. Mwaka 1858 Louis Vuitton wa Paris akatoa sanduku lenye kifuniko bapa, lililofunikwa turubai lisilopitisha maji. Watu hukumbuka jina lake kwa sababu ya mikoba ya bei, lakini kwa fundi jambo kubwa ni ule ubapa: sanduku la pili linakaa juu ya la kwanza. Mara nyingi umbo la mzigo huamuliwa na kile unachokutana nacho.

Gari la chuma lilipokuja, fundi wa bodi alikuwa na tatizo lake. Bati la paa na bati la ubavuni lazima yaunganishwe mahali fulani. Yalikunjwa kingo, yakachomelewa pamoja, na ile kingo ikapindwa juu kidogo kuwa mfereji mwembamba unaopita juu ya milango yote. Kazi yake ilikuwa kukusanya maji ya mvua yasikumwagikie unapofungua mlango, basi. Lakini watengenezaji wa keria waliutazama mfereji ule wakaona kitu kingine: ukingo mgumu wa chuma, pande zote mbili, karibu kila gari, kutoka kila kiwanda. Mguu mmoja wenye kibano ungeshika Peugeot leo, Volkswagen kesho na Ford kesho kutwa.

Nyinyi mnaoandika programu mnaijua hali hii. Hakuna kamati iliyokaa ikasema mfereji wa mvua uwe kiolesura cha kubebea mizigo. Ilitokea tu, watu wakaizoea, na biashara nzima ikajengwa juu yake. Moja ya biashara hizo ni Thule ya Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1942 na Erik Thulin huko Hillerstorp. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa mtego wa samaki. Miaka ya 1960 ikaingia kwenye keria za magari, na sasa ndilo jina ambalo watu wengi hutaja wakimaanisha keria yenyewe. Kule Marekani kulikuwa na msukumo mwingine: sheria ya mwaka 1956 ya kujenga barabara kuu za taifa, kilomita zipatazo 66,000 katika mpango wa kwanza. Likizo ya familia kwa gari ikawa desturi, na paa likajaa. Filamu ya mzaha ya mwaka 1983, National Lampoon's Vacation, inafikia hatua ya kumfunga juu ya paa shangazi aliyefia njiani. Watazamaji wangecheka vipi kama kila mmoja hangekuwa amewahi kuona paa likibeba kisichofaa kubebwa?

Huku kwetu hadithi haikuhitaji filamu. Aliyesafiri kwenda bara miaka ya 1980 na 1990 anakumbuka Peugeot 504 za masafa marefu, na mabasi yenye ngazi nyuma na keria iliyochukua urefu wote wa paa: magodoro, baiskeli, vitanda, kuku kwenye tenga, na makanga akitembea huko juu kama yuko sebuleni kwake, akifunga turubai. Peugeot 504 ilikuwa na ule mfereji, na fundi yeyote wa kuchomelea angeweza kuitengenezea keria bila kuuliza kipimo kwa mtu. (Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, lakini wazee wangu walilisifu kwa magunia.) Mabasi mengi mapya ya masafa marefu yamehamishia mizigo chini ya sakafu, na sioni mtu akililia ile ngazi.

Kilichoua mfereji ni mafuta. Bei ilipopanda mwaka 1973 na tena 1979, wahandisi walianza kupigania upepo. Kila kinachochomoza kwenye bodi kinavuta gari nyuma, na mfereji unachomoza kutoka kioo cha mbele hadi nyuma. Mwaka 1982 Audi ilitoa Audi 100 mpya yenye vioo vilivyolingana na bodi, na kipimo cha ukinzani wa hewa cha 0.30, jambo la kutangazwa wakati huo. Wengine wakafuata. Milango ikapanda hadi kuingia ndani ya paa, kiungo kikafichwa, na kufikia miaka ya 1990 mfereji ulikuwa umetoweka kwenye magari mengi madogo. Ulibaki kwa magari ya kazi. Toyota Land Cruiser mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, bado inao hadi leo, na Land Rover Defender ya zamani ilikuwa nao hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 2016. Ndiyo maana magari ya watalii na ya miradi hayana shida ya keria.

Sasa hapa ndipo ninaposhangaa. Kwenye kompyuta tulitoka wengi tukaenda mmoja. Enzi za DOS, programu kama WordPerfect ilikuja na draiva zake yenyewe za printa, na nyuma ya mashine kulikuwa na tundu la kila aina, mpaka USB ilipotoka mwaka 1996 na kuanza kuyameza polepole. Magari yalikwenda kinyume. Mfereji ulipoondoka, watengenezaji wa keria walilazimika kubana kwenye fremu ya mlango, na fremu ya kila gari ina mkunjo wake. Kwa hiyo mguu mmoja sasa unahitaji kifaa chake cha kuunganisha kwa kila modeli, na wakati mwingine kwa kila mwaka wa modeli. Hizo ni draiva za printa kabisa, isipokuwa ukikosea draiva ya printa, karatasi inatoka na alama za ajabu. Ukikosea hii, kilo 50 zinamfuata aliye mbele yako.

Na kosa langu mwenyewe lilikuwa hapo, siwezi kumlaumu jamaa peke yake. Nilikodi sanduku nikidhani nakodi kitu kimoja. Kumbe ni tabaka tatu: sanduku, vyuma, na miguu. Sanduku na vyuma huelewana vizuri siku hizi. Zamani kidogo kulikuwa na ushindani, Thule wakiwa na vyuma vya pembe nne na Yakima wa Marekani vya mviringo, lakini sanduku hushikwa kwa vibano vinavyozunguka chuma, au kwa boliti inayoteleza ndani ya mfereji wenye umbo la T juu ya chuma, ambao upana wake wa kawaida ni milimita 20. Tabaka la mwisho, mguu na paa, ndilo halina maelewano. Ndilo pia ambalo mkodishaji hawezi kuliweka dukani kwa kila gari.

Linganisheni na trela. Mwaka 1945 L. S. Shoen na mkewe Anna Mary Carty walianzisha U-Haul huko Ridgefield, jimbo la Washington, kukodisha trela ndogo ambazo mtu angeichukua mji mmoja na kuiacha mwingine. Trela za mwanzo zilifungwa kwenye bampa, na bampa lilikuwa karibu kila gari. Biashara ya kukodisha hustawi pale kiunganishi kinapofanana. Ujerumani, ambako masanduku ya paa hukodishwa sana msimu wa likizo, mteja kwa kawaida huja na vyuma vyake vilivyokwisha kufungwa, na anachokodi ni sanduku tu.

Kwa nini basi kukodi na si kununua? Mimi nakaa ghorofani, na kitu cha mita mbili sina pa kukiweka isipokuwa paleple juu ya gari mwaka mzima. Hapo upepo unalipiza. Utafiti wa Yuche Chen na Alan Meier uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba keria za paa ziliongeza matumizi ya petroli Marekani kwa takriban galoni milioni 100 mwaka 2015, yaani lita milioni 380 hivi, na sehemu kubwa ilitokana na keria zinazozunguka tupu. Serikali ya huko nayo inawaambia madereva kwamba sanduku kubwa butu hupunguza umbali wa kila lita kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, lakini asilimia 10 hadi 25 ukikimbia kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 110, unasukumwa nyuma karibu mara mbili.

Kuna na uzito. Vitabu vya magari madogo mengi huruhusu kilo 50 hadi 75 juu ya paa, na hesabu hiyo inajumuisha vyuma na sanduku lenyewe. Langu ni 75. Vyuma vina kilo 5, sanduku 18. Zinabaki 52, na mimi nilikuwa nimepakia bila mizani, mablanketi chini na mitungi ya maji juu yake.

Kurudi Nairobi sikutumia zile kamba tena. Fundi mmoja wa Webuye alinitafutia miguu inayoshika fremu ya gari letu, ya mitumba lakini sahihi, na tukapima kila mfuko kwa mizani ya duka la jirani. Gunia la mahindi la mama mkwe, kilo 90, lilikuja siku tatu baadaye kwa basi, chini ya sakafu.